Mangi, genge, soko la jumla au supamaketi: hela ya chakula Dar iende wapi?

Kila mwisho wa mwezi ubishi ni ule ule. Mmoja anasema kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, tunaumia, twendeni Kariakoo. Mwingine anajibu kwamba Kariakoo unaokoa elfu tano huku umeacha elfu kumi kwenye nauli na chipsi. Wote wawili wana ukweli wao. Ukiuliza "wapi bei rahisi?" hupati jibu moja, kwa sababu kuna vitu ambavyo kuvifuata nje ya mtaa ni kujichosha bure, na kuna vingine ambavyo kuendelea kuvipimiwa kidogo kidogo ni kama kulipa kodi ya pili ya nyumba. Angalia kitu kinaoza au hakiozi, una hela kiasi gani kwa mkupuo, na muuzaji anatumia mzani au kopo. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nachukua familia ya watu sita, nyumba ya kupanga, iwe Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, inayopika mara mbili kwa siku. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu. Weka za mtaani kwako, hesabu itakwenda vile vile.

Mangi na duka la jumla

Mangi ana mambo mawili ambayo hutayapata kwingine: anakuuzia kiasi chochote, na anakufahamu. "Mangi, nipimie mafuta ya mia tano na sukari robo, mtoto atakuletea hela jioni." Supamaketi hakuna wa kumwambia maneno hayo. Ila huduma hiyo inalipiwa, na malipo yake yamo ndani ya kile kikopo cha kupimia.

Kuyaona si kazi ngumu. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Ukinunua mafuta ya mia tano, yamimine humo kwanza, chora mstari pale yalipofikia, kisha yapeleke jikoni. Baadaye osha chupa, pima kwa maji: kiasi kile kinaingia mara ngapi mpaka chupa ijae? Kikiingia mara sita, umekuwa ukilipa 3,000 kwa nusu lita, yaani lita kwa 6,000. Sasa weka pembeni dumu la lita 5 linalouzwa 25,000, ambalo lita yake ni 5,000. Familia inayotumia vikopo viwili kwa siku inamaliza lita 5 kwa siku 30, na kwa Mangi imelipa 30,000. Tofauti ni 5,000.

Sukari nayo ni hivyo hivyo. Robo moja kwa siku, kwa 900, ni 27,000 kwa mwezi. Hizo ni kilo saba na nusu, na ukizinunua kwa kilo kwa 3,200 unalipa 24,000. Umebakiwa na 3,000. Vitu viwili tu vimekurudishia 8,000.

Lakini usikimbilie Kariakoo bado. Ukitokea Chamazi unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa nauli ya 600 kila gari ni 2,400, na boda ya kukufikisha nyumbani na mzigo tuseme 2,000. Zaidi ya nusu ya zile 8,000 imeshapotea, na kuli hujamlipa. Ndiyo maana kwa mahitaji ya familia moja napendelea jumla ya karibu: Tandika, Mbagala Rangi Tatu, Manzese, Tegeta, Gongo la Mboto kwenyewe. Bei ya huko inaweza kuzidi ya Kariakoo kidogo kwa dumu, lakini unakwenda na kurudi kwa gari moja. Kariakoo ina maana kama unafanya kazi mjini na unapita pale kila siku, au kama mnanunua watu kadhaa kwa pamoja.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa jumla hawatakwambia: dumu likikaa wazi jikoni, mkono unakuwa mwepesi. Kikopo cha mia tano kinajipangia chenyewe, kikiisha kimeisha, ila dumu linakaribisha chapati za Jumanne. Hamishia mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu likae chumbani. Bila hivyo ile 5,000 utaila kwenye maandazi na usijue imekwenda wapi.

Wala simwambii mtu amkimbie Mangi. Chumvi, kiberiti, mkate, majani ya chai ya siku moja, vocha: tofauti ya bei ni ndogo mno kuifuatia gari. Na kuna nyakati uhusiano unazidi bei. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, serikali ilitoa bei elekezi, lakini madukani watu waliendelea kununua juu ya bei hiyo, pale ilipopatikana. Kipindi kama kile, Mangi anayekuzoea ndiye anayekuwekea kilo moja chini ya kaunta.

Tahadhari ni kuhusu daftari lake. Mkopo wa daftari hauna riba iliyoandikwa, ila ukishakuwa humo huna tena mdomo wa kulalamikia kikopo. Familia yenye deni kwa Mangi inanunua kila kitu kwa Mangi.

Genge na soko

Kwenye mbogamboga mambo yanageuka, maana adui ni kuoza.

Malori yanashusha kwenye masoko ya Ilala na Mabibo alfajiri: nyanya za Ilula, vitunguu vya Singida na Ruaha Mbuyuni, kabichi za Lushoto, viazi vya Njombe. Mama mwenye genge mtaani kwako amefika huko kabla hujaamka, amelipa guta au bajaji, na amekubali hasara ya zile zilizopondeka. Kile anachoongeza kwenye fungu ndiyo malipo ya kazi hiyo.

Chukua nyanya. Fungu la nne kwa 500, kila nyanya ni 125. Sado, lile kopo la lita 4, la 3,500 lenye nyanya 40, kila moja ni karibu 88. Umeona faida? Subiri. Mnatumia sita kwa siku, kwa hiyo sado linatakiwa likae karibu wiki. Kwa joto la Dar, bila friji, na zile za chini zimebeba uzito wa wenzao, kumi zinaweza kuharibika. Ukigawa 3,500 kwa 30 zilizoliwa unapata karibu 117. Umefunga safari, umebeba sado kwenye daladala watu wamekunyooshea midomo, na umeokoa shilingi nane kwa nyanya.

Sado linalipa kwa mtu atakayekaa nalo siku ile ile: achague zilizoiva sana, azikatekate, azichemshe mpaka maji yakauke, aweke chumvi na mafuta kidogo, ahifadhi kwenye chombo cha kufunika. Kwa friji zinakaa siku kadhaa, kwa friza zinakaa zaidi. Anayejua kufanya hivi anaweza hata kununua masalo, zile zilizobonyea ambazo jioni zinauzwa kwa bei ya kutupa, akazipika usiku huo huo. Kama ukirudi nyumbani umeshachoka, nenda gengeni tu.

Vitunguu maji, viazi, vitunguu saumu, tangawizi na nazi zinavumilia, hivyo nunua sokoni kwa kilo au kwa sado. Mchicha, matembele na kisamvu ni vya genge, kila siku, bila mjadala.

Na genge lina njia yake ya kukuokolea hela ambayo haimo kwenye hesabu. Mteja wa kila siku anatupiwa pilipili, anaongezewa nyanya ya tano, anaambiwa "dada, leo chukua bamia, nyanya zimepanda." Ushauri huo wa mwisho unazidi punguzo lolote, kwa sababu familia nyingi hazipotezi hela kwa kununua mahali ghali. Zinapoteza kwa kung'ang'ania mboga ile ile wiki ambayo imepanda.

Mchele, unga na maharage: hapa ndipo hela ilipo

Ukiandika matumizi ya mwezi utakuta sehemu kubwa imekwenda kwenye vitu hivi vitatu. Kwa hiyo hapa ndipo panapostahili safari, simu, na hata kugombana kidogo na mwenye duka.

Kwanza kipimo. Debe ni lita 20, sado ni lita 4, kwa hiyo masado matano yanatakiwa kujaza debe. Lakini hivyo ni vipimo vya ujazo. Maharage yenye unyevu na maharage makavu yanajaza debe lile lile kwa uzito tofauti, na kopo lililobonyezwa kitako linakula kidogo kidogo kila mara. Muuzaji mmoja anakujazia kichuguu juu, mwingine anapitisha mkono na kufuta. Mambo haya yote yanaisha ukisema neno moja: "nipimie kwa kilo." Mizani inayotumika kibiashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, itafute. Mwenye mzani na anayekataa kuutumia amekujibu tayari.

Watu wengine wanafurahia gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi mpaka likaota kishungi juu, wakidhani kishungi kile ni zawadi kwao. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na anayeumia kwa kishungi ni mkulima. Likifika soko la Tandale linafunguliwa na kuuzwa kwa kilo, faida imebaki kwa mtu wa kati. Wewe wa kilo mbili haikufikii.

Mchele una ujanja wake. Harufu nzuri ya mchele wa Kyela au Mbeya inapandisha bei, na kwa pilau ya Ijumaa una haki ya kuitaka. Kwa wali wa kila siku wa watoto na maharage, mchele wa Shinyanga au Ifakara uliochambuliwa vizuri unatosha kabisa. Kinachosahaulika ni umri wa mchele. Uliotoka kuvunwa unanywa maji kidogo na unageuka bokoboko upesi. Uliokaa miezi kadhaa unanywa maji mengi, unajaa sufuria. Kilo ile ile inalisha watu wengi zaidi. Kabla hujachukua kiroba cha kilo 25, nunua kilo moja, ipike, uone. Chenga nazo zisidharauliwe, kwani kwa vitumbua na mkate wa kumimina mchele mzima ungesagwa hata hivyo, na chenga ni bei chini.

Unga: sembe ya mfuko, dona ya mashineni, au kununua mahindi na kusagisha. Sembe ya mfuko ndiyo ghali zaidi kwa kilo lakini inakaa. Dona ni rahisi kwa sababu hakuna kinachotolewa, na kwa lishe inaizidi sembe, ila kiini chake kina mafuta, kwa hiyo inachacha mapema. Saga ya wiki mbili tu. Kusagisha kunalipa kama mashine iko mtaani kwako. Ukikoboa, dai pumba zako kama una kuku au jirani ana kuku, maana mashine nyingi hubaki nazo kimya kimya na kuziuza.

Pili msimu. Nyanda za Juu Kusini huanza kuvuna mahindi na mpunga karibu Mei, na kati ya Juni na Agosti bei huwa chini. Kuanzia Januari hadi Machi, akiba za mashambani zimepungua na shule zimefungua, huo ndio wakati mbaya wa kununua. Mwenye uwezo wa kununua Julai maharage na mahindi ya miezi sita, na ana pa kuyaweka, huyo hana haja ya kuhangaika na mafungu.

Hapo kwenye "pa kuyaweka" ndipo wengi wanapokwama. Dumuzi na fukusi hawakuoni huruma. Mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile ya tabaka mbili za nailoni ndani, inawaua kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, mradi uifunge vizuri na usiifungue kila siku. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Na nafaka yenye unyevu au ukungu usiinunue kwa bei yoyote. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

Tatu, kuagiza mkoani. "Mjomba, nitumie gunia la mchele" ni maneno matamu, lakini andika gharama zote: bei ya kule, mfuko, kupeleka stendi, nauli ya mzigo, kuli wa Stendi ya Magufuli pale Mbezi, kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) mpaka nyumbani. Mwaka 2017 serikali ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, kwa hiyo gunia lako moja lisije likatozwa njiani kwa jina la ushuru. Gunia moja peke yake mara nyingi linaokoa kidogo kuliko inavyosemwa, na kama mjomba amechaguliwa mchele mbovu huwezi kumrudishia. Magunia matatu au manne ya majirani, kwa kirikuu kimoja, hapo tofauti inaonekana. Kila gunia la kilo mia mkiligawana nyumba tano ni kilo ishirini kila nyumba. Mgawanyo ufanyike kwa mzani, wote mkiwepo, ili kusiwe na maneno baadaye.

Supamaketi

Shoprite waliondoka nchini 2014 na kuuza maduka yao kwa Nakumatt, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt nao hawakudumu. Mangi bado yupo. Hiyo inakwambia Dar inanunulia wapi chakula.

Hata hivyo si kweli kwamba kila kitu kule ni ghali. Bei imeandikwa, uzito umeandikwa, na kwa sabuni ya unga ya kilo kadhaa, pampasi, tishu, tambi na maziwa ya unga, ofa ya mwisho wa mwezi inaweza kuishinda jumla ya mtaani. Piga picha bei kwa simu, ukalinganishe na duka la jumla kwa gramu, siyo kwa ukubwa wa pakiti. Mchicha uliofungwa kwenye kisahani cha plastiki waachie wenyewe. Na usiende na watoto.

Kitoweo

Samaki wa soko la Feri ni rahisi kama unaweza kununua kwenye mnada asubuhi, na mnada unauza kwa ndoo au beseni. Kwa hiyo ni suala la friza au la majirani watatu. Ukinunua wawili watatu kwa wachuuzi pale pale, ukalipa wa kuparua na nauli, bei inakaribia ya muuzaji anayepita mtaani na beseni kichwani.

Nyama: mchanganyiko wa buchani unapimwa na mifupa, kwa hiyo ulinganishe na steki kwa sufuria mbili zilizopikwa, siyo kwa bei ya kilo. Kwa mchuzi wa watu sita, mifupa inashinda. Mayai chukua kwa trei, hesabu iko wazi. Lakini kwa hela ile ile, dagaa wakavu wa Mwanza ndio wanaolisha watu wengi zaidi kuliko kitoweo chochote nilichotaja, wanakaa bila friji, na wanauzwa popote. Chagua waliokauka wasio na mchanga. Dagaa wa bei chini wenye mchanga unalipia mchanga.

Wewe uko upande gani?

Mwenye mshahara wa mwezi: siku mbili za mwanzo nunua mafuta, sukari, mchele, unga, maharage na sabuni jumla ya karibu, tenga hela ya genge kwa wiki nne kwenye bahasha nne, na kwa Mangi nunua kwa taslimu tu. Usinunue nyama ya mwezi.

Mwenye kipato cha siku, anayerudi jioni na elfu kumi, ndiye ambaye ushauri mwingi wa kubana matumizi humsahau. Kumwambia anunue dumu la 25,000 ni kumtania. Njia inayofanya kazi ni mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, ila mchezo wa kitu na siyo wa hela mkononi. Wanawake watano wa nyumba moja ya kupanga, kila mmoja 5,000 kwa wiki. Kila Jumamosi kijumbe, anayekusanya michango, ananunua dumu moja la lita 5 na kumkabidhi wa zamu. Hela haigusi mkono wa mtu, kwa hiyo haiishii kwenye dharura. Mzunguko ni wiki tano na dumu linakaa siku 30, kwa hiyo zile siku tano za mwisho mtarudi kwenye kikopo cha Mangi, hakuna ubaya. Yule aliyekuwa na deni kwenye daftari apewe zamu ya kwanza, na zile buku moja moja alizokuwa anapeleka kila siku kwa mafuta zigawanywe: sehemu iende kwenye mchezo, sehemu ilipe daftari. Mzunguko wa mafuta ukikamilika bila mtu kukimbia, anzisheni wa mchele.